Spika Inayotazama Kwetu

Jumatatu, 10 Machi

Nimekamua, nimepeleka maziwa kwenye lori, nimemwosha Mama, nimemlisha uji. Ng'ombe wangu Kairu ametoa kidogo leo. Majani ni makavu na mvua bado.

Saa sita na nusu wa kanisa la jirani wakaanza. Sasa ni kila siku ya kazi, maombi ya mchana. Spika mpya ya kanisa ilitoka mjini Nyeri mwezi uliopita, ikatundikwa juu ya mti mrefu waliouacha bila matawi. Imeelekezwa kwetu. Haitazami shule, haitazami barabara. Kati ya mti huo na dirisha la Mama kuna ua wa miiba ya kaiyaba tu.

Kinanda kikianza Mama hushtuka, mkono unaruka kifuani. Daktari alisema moyo wake usishtuliwe. Alisema hilo vile mtu anavyosema sukari si nzuri kwa meno. Hajawahi kukaa hapa mchana.

Naogopa. Hapa naweza kuandika, hakuna wa kunicheka.

Jumatano, 12 Machi

Nimeenda kwa Pasta Muriithi. Nilibeba chupa ya maziwa nisionekane nimeenda kugombana. Mkewe, Mama Joy, akaipokea, akanikalisha, akanipa chai. Tuko chama kimoja cha akina mama cha kuweka akiba tangu watoto wetu waingie darasa la kwanza. Januari, Mama alipoanguka, ndiye aliyenionyesha namna ya kumgeuza mgonjwa kitandani bila kumuumiza.

Nilisema kwa sauti ndogo. Mama ana shida ya moyo, spika ipunguzwe, au igeuzwe itazame bonde. Pasta akacheka vizuri.

"Hiyo ni kitu kidogo, Mama Kim. Tutaangalia."

Mama Joy hakucheka. Spika ilinunuliwa kwa harambee na yeye ndiye aliyezunguka nyumba kwa nyumba. Hata mimi nilitoa.

Mwanangu Kim mwenyewe yuko mji wa Kenol, anaziba pancha za malori. Sijamwambia kitu. Angekuja na maneno makali halafu arudi Kenol, mimi nibaki nayo.

Alhamisi, 13 Machi

Sauti ilikuwa chini. Mama alilala mchana kutwa mpaka nikaenda kumtazama kama anapumua. Anapumua.

Jumapili, 16 Machi

Sauti imerudi, na zaidi ya mwanzo. Vyombo kabatini vinatetemeka. Katikati ya ibada Pasta akamwombea "jirani yetu ambaye sifa za Bwana zinamuumiza masikio". Hakutaja jina. Bonde zima lilisikia.

Nilikuwa namlisha Mama, kijiko kikasimama hewani. Akauliza ni nani huyo anayeombewa. Nikasema sijui.

Mimi nasali kanisa la juu, la zamani. Leo sikwenda hata huko. Nimekasirika, ila hasira yangu haikai. Ikitoka, woga unaingia na kukalia kiti chake.

Jumanne, 18 Machi

Nimeenda mjini. Mzee Wahome, jirani wa upande wa chini, alikubali kukaa na Mama. Nilimwambia nafuata dawa. Dawa nilinunua pia, kwa hivyo sikudanganya sana.

Ofisi ya mazingira ya kaunti. Nilipita mlango mara kadhaa kabla ya kuingia, kama mtu anayetafuta choo. Afisa anaitwa Bi Achieng', mtu wa kutoka Kisumu, Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kitu ambacho sikukitarajia ofisini. Sheria ipo, alisema. Kanisa, baa, harusi, wote ni sawa. Kuna kiwango cha mchana na cha usiku. Ukizidisha unapewa onyo. Ukirudia, vyombo vinabebwa.

Nikamwomba jina langu lisitoke. Akasema halitatoka, na nilimwamini.

Nilikuwa nimeshafika mlangoni aliponiambia kwamba kelele hupimwa pale inapomfikia mlalamishi. Hawapimi kanisani. Wanapima kwangu.

Nikasema sawa. Maana yake iliniingia tukiwa njiani kurudi, tumeshaacha lami kubwa. Gari la serikali litasimama langoni kwangu.

Ijumaa, 21 Machi

Kila gari likikohoa huko juu natoka kuangalia. Leo nimetoka kwa ajili ya lori la maziwa, gari la gesi na pikipiki ya fundi.

Nimeshapanga. Wakija, nitawasimamisha nyuma ya zizi, penye migomba. Wapime, waondoke kwa njia ya mashamba ya kahawa. Hakuna atakayewaona. Nimempigia Bi Achieng' kumwambia waje kimya kimya. Akasema, "Usijali, mama, sisi hatuna king'ora."

Mama ameanza kushtuka hata kabla ya kinanda. Saa sita ikifika mkono uko kifuani tayari, unangoja.

Jumatatu, 24 Machi

Wamekuja. Nimejiharibia mwenyewe.

Pickup nyeupe, nembo ya kaunti mlangoni kubwa kama sinia. Dereva akaiegesha langoni, pale pale wanapopita watu wakirudi kutoka kituo cha majani chai na vikapu mgongoni. Nikawapeleka wapimaji nyuma ya zizi upesi. Kijana mmoja akainua kile chombo kidogo juu ya ua. Nambari zikapanda. Bi Achieng' akatikisa kichwa. Kazi ikaisha. Wangeondoka wakati huo, ningepona.

Mama akaita kutoka ndani. Ni wageni gani hao? Bi Achieng' ni mtu aliyelelewa, akaingia kumsalimia. Mama akamshika mkono, akamuuliza kwao, akamuuliza wazazi. Kisha akanigeukia, akaniambia kwa Kikuyu kwamba hapa kwetu mgeni hatoki na mdomo mkavu.

Ningesema wana haraka. Wenyewe walisema wana haraka. Lakini tangu nizaliwe sijawahi kumwacha mtu atoke nyumba hii bila chai, na Mama alikuwa ananitazama kwa macho yale. Nikawasha moto. Tena sikuishia kwenye chai. Nikamenya nduma, yale magimbi yetu. Nduma huchukua muda kuiva na najua. Mikono ilikuwa inamenya yenyewe.

Pickup ikakaa langoni. Watu wakapita, wote wakasalimia, wote wakaangalia mlango wake. Mama Joy alipita. Alisimama. Alisoma ile nembo, akamwona yule kijana amekaa kwangu na sahani ya nduma na chombo chake mapajani. Akaendelea na safari.

Mwizi wa kuku angejificha vizuri kuliko mimi.

Jumanne, 25 Machi

Jina langu halikutoka. Bi Achieng' ametimiza ahadi. Hakuna aliyelihitaji.

Ijumaa, 28 Machi

Wamepewa onyo. Vijana wawili walipanda mti wakaishusha spika, mmoja akiiteremsha kwa kamba, mwingine akiipokea. Nilikuwa nyuma ya pazia. Mama Joy alisimama chini na kanga kichwani. Ilipofika chini aliifuta vumbi.

Maombi ya mchana yalikuwa ya sauti tupu, madirisha yamefungwa. Mama alilala. Mkono wake ulikuwa kando yake.

Nilidhani nitafurahi. Nimekaa jikoni nikisikiliza kuku.

Jumapili, 30 Machi

Kwenye lori la maziwa wanawake walikuwa wanacheka. Nilipofika wakanyamaza. Wakanisalimia, kila mmoja, kwa adabu. Afadhali wangenitukana.

Mama Joy ameniondoa kwenye kundi la chama kwenye simu. Kulikuwa na mstari mmoja tu unaosema nimeondolewa na nani.

Jumatano, 2 Aprili

Asubuhi nimekuta gunia limetundikwa langoni. Ndani kuna majani ya viazi vitamu, mabichi, yamekatwa vizuri. Hakuna aliyesema ni yake.

Nani anaweza kunipa majani wakati huu wa ukavu? Nani, hasa mimi? Nilinusa. Yalinuka majani. Nilifikiria dawa ya kupulizia kahawa, nikafikiria Kairu amelala na povu mdomoni. Maziwa yake ndiyo yanayonunua dawa ya Mama.

Nimechimba shimo nikazika gunia zima. Kairu alilia akiniangalia. Niliogopa, ni hivyo tu.

Ijumaa, 4 Aprili

Mvua imefika, na imekuja na hasira. Njia yetu ya kupanda lami imekuwa sabuni. Gari haliwezi kushuka. Pikipiki haiwezi.

Sasa niandike kile ninachoogopa kweli. Si sumu, si kusengenywa. Huku kwetu mgonjwa akizidiwa wakati wa mvua, hubebwa. Kiti cha plastiki kinafungwa kwenye miti miwili, wanaume wanne wanashika, wengine wanafuata kuwapokea, mpaka lami. Unapiga nduru, ule ukelele wa kuomba msaada, na kila anayesikia anaacha kazi anakuja. Hakuna mtu anayeitwa kwa jina. Hivyo ndivyo baba yangu alivyobebwa. Hivyo ndivyo mimi mwenyewe nilivyobebwa uchungu wa kumzaa Kim uliponishika.

Mama akizidiwa, nani atakuja?

Jumanne, 8 Aprili

Miguu ya Mama imevimba. Amekataa uji. Ameniuliza mbona siku hizi hakuna mtu anayekuja kumwona.

Nikasema ni mvua.

Alhamisi, 10 Aprili

Niko hospitali mjini. Mama yuko hai. Naanza na hilo.

Jana baada ya chakula cha mchana mvua ilikuwa imeshika. Mama akakamata shuka kwa mikono miwili, midomo ikawa rangi ya majivu. Hewa ilikuwa inamkataa. Nikamwinua, nikamwegemeza ukutani na mito. Nikampigia Mzee Wahome, simu ikalia mpaka ikachoka. Nikampigia dereva wa teksi wa sentani, kule madukani. Akasema anakuja, lakini atasimama lami.

"Huko chini siwezi fika, mathe. Mlete tu juu."

Nimlete na nani?

Nikasimama mlangoni. Nikafungua mdomo na sauti haikutoka. Mama nyuma yangu anatafuta pumzi, na mimi ninafikiria watasema nini. Yule wa kelele. Yule aliyewaletea serikali. Leo amekumbuka kelele.

Hata hiyo si kweli yote. Niliogopa kupiga nduru halafu nisikie kimya. Kabla ya kupiga, ningeweza kujiambia kwamba wangekuja.

Mama akakoroma vibaya. Nikapiga.

Mvua kwenye mabati ikaimeza. Nikatoka uani nikapiga tena, nikapiga nikiwa nimeelekea bonde, nikapiga nikiwa nimeelekea juu. Maji yakaniingia mdomoni. Hakuna mtu. Kairu peke yake ndiye aliyeitikia. Nikajua basi, ndiyo hivyo. Nikakaa kwenye tope.

Ndipo nikasikia mlio ninaoujua, ule wa spika ikiwashwa, kama sufuria inayokwaruzwa. Mama Joy, niliwasikia wabebaji wakisema baadaye, alikuwa kanisani anasukuma maji yaliyoingia. Alinisikia kupitia ua. Hakuja mbio kwangu, angekuja angekuwa mtu mmoja tu. Aliburuta spika mpaka kwenye ngazi, akafungua sauti mpaka mwisho.

"Nduru! Nduru kwa Mama Kim! Cucu, mamake, amezidiwa! Wanaume kujeni na kiti! Kwa Mama Kim, kujeni saa hii!"

Jina langu lilienda mpaka ng'ambo ya bonde. Akarudia, akarudia, kwa Kiswahili na kwa Kikuyu, sauti ikakatika akaendelea hivyo hivyo.

Wakaja. Walitoka kwenye mashamba ya chai na makaratasi ya mvua mgongoni na vikapu vimejaa. Walitoka sentani. Pasta Muriithi alikuja bila viatu na kiti cha kanisani kichwani. Wakafunga miti, wakamweka Mama, wakamfunika blanketi na nailoni. Pasta alishika mbele, penye uzito. Walianguka pale penye kona ya jiwe, lakini kiti hakikugusa chini. Hakuna aliyesema nami ila shika hapa, ondoa mguu, inua mwavuli.

Mama Joy alibeba mfuko wa nguo. Tulipofika lami akauweka garini, akamfunga Mama kitambaa shingoni, akafunga mlango. Nami sikusema asante.

Daktari anasema tungechelewa kidogo tu. Hakumaliza sentensi.

Jumapili, 13 Aprili

Wanamtoa maji mwilini. Midomo imerudi rangi yake. Anagombana na muuguzi kuhusu chai yao, kwamba haina maziwa. Nimelia kwa furaha chooni.

Mzee Wahome amekuja na ndizi. Simu yake ilikuwa nyumbani, yeye alikuwa shambani, alisema bila kuulizwa. Sijui. Sitaki kujua. Halafu akaniuliza:

"Na yale majani ya viazi niliacha hapo kwa gate, ng'ombe ilikula?"

Nikasema alikula yote. Nikamwangalia mzee wa watu machoni nikasema hivyo.

Nikauliza nani anamkamua Kairu. Mama Joy, akasema. Asubuhi na jioni. Maziwa yanaandikwa kwenye lori kwa jina langu.

Alhamisi, 17 Aprili

Tumerudi nyumbani juzi. Jua lilikuwa limekausha njia, teksi ikashuka mpaka langoni.

Leo asubuhi Bi Achieng' amepiga simu. Mtu wa ng'ambo ya bonde amelalamika ofisini kwamba Jumatano ile spika ya kanisa ilifunguliwa mchana, sauti ya kupita kiasi, na kanisa lina onyo. Ikiwa ni kweli, watakuja kubeba vyombo. Mimi ndiye mlalamishi wa kwanza, na niko karibu zaidi. Niliisikia?

Nikashika simu kwa mikono miwili. Naogopa serikali. Naogopa kudanganya serikali zaidi. Naogopa Pasta aifungue tena Jumapili na Mama arudi kushika kifua, na mimi niwe nimejifungia mlango niliofunguliwa na sheria.

Nikasema niliisikia. Nikasema ile ilikuwa nduru.

Akauliza:

"Ya nani?"

"Yangu. Mama alikuwa anakufa. Yangu haikusikika, wakanisaidia kuipiga."

Nikasikia watu wa ofisini wakiongea nyuma yake.

"Nduru hata kwetu tunaijua, mama," akasema. "Hiyo siwezi kuipima." Kisha akauliza Mama anaendeleaje, na kama nduma bado zipo.

Kesho ni Ijumaa Kuu. Mchana Pasta alikuja mpaka kwenye ua, akabaki upande wake. Akauliza Mama hulala saa ngapi. Nikamwambia. Akasema spika wataiweka ndani, itazame bonde, na akaenda. Hakuomba msamaha, na mimi sikuomba. Kelele bado sizipendi. Akisahau nitamkumbusha, na nikilazimika nitaenda mjini tena.

Kwenye kundi la chama bado simo.

Mama amelala, mkono uko kando yake. Kutoka jikoni namwona Mama Joy anafagia ngazi za kanisa. Nimeweka nduma motoni. Zikiiva nitazunguka ua nimpelekee. Naogopa hata hilo.